Kaka Deo, Kompyuta Yako Imenyamaza

Kaka Deo,

Nakuandikia kwa kompyuta yako mwenyewe. Nimeiwasha tangu saa tatu asubuhi, sasa inakaribia saa sita, na haijatoa sauti yoyote zaidi ya pumzi ndogo ya feni inayotoka ubavuni. Ungekuwepo ungesema, "Haya injinia, mgonjwa wako kapona," halafu ungerudi kusahihisha mitihani ya kidato cha pili bila hata kusema asante.

Nimeitengeneza, na kwa kuitengeneza nimemponza Bibi. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu unanijua, nikiacha nitalizunguka kurasa tatu. Bibi yetu, aliyetulea tangu baba na mama walipotutoka, leo anaitwa mchawi pale kijijini. Anayemwita hivyo ni mwanawe wa kumzaa, Baba mdogo. Wanasema alikuua wewe. Ushahidi wao ni kompyuta hii, pamoja na maneno uliyoyasema kwa mdomo wako.

Ilianza siku ya tatu baada ya kukuzika. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wanakula uani, na Shangazi akaniomba nimwonyeshe picha zako za shuleni Muze, wewe na wanafunzi wako. Nikaiwasha pale sebuleni. Tukatazama. Baada ya kama dakika kumi ikaanza ile sauti yake: krrr, kimya, krrr-krrr, kimya. Nikaona aibu, kama vile mtoto wangu amelia kanisani. Nikafunga kifuniko, nikaiweka juu ya kabati ikiwa kwenye chaja, nikijua italala.

Haikulala. Kuna mpangilio mle ndani ulioubadilisha mwenyewe ili isizimike ukifunga kifuniko, maana ulikuwa unapakua masomo usiku kucha. Watu wa msibani wangeyajuaje hayo? Walichokiona ni mashine ya marehemu, imefungwa, iko juu ya kabati, haijaguswa na mtu, inalia.

Shangazi aliweka sahani chini. "Yesu na Maria," akasema, "mtoto analalamika."

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuonekana kushtuka. Alionekana kama mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo. "Aliniambia," alisema. "Aliniambia mwenyewe, Krismasi, hapa hapa."

Unakumbuka ulichomwambia? Mimi nakumbuka, nilikuwepo. Ulikuwa umeweka nyimbo za kwaya, mashine ikaanza kukoroma katikati ya wimbo, na Baba mdogo akauliza, "Na hiyo nayo inaumwa?" Ukajibu, "Tangu Bibi aishike, Baba mdogo. Kaifunga huyu mama. Anataka niache ualimu nije kulima naye." Nyumba nzima ikacheka. Bibi ndiye aliyecheka kuliko wote, akakurushia gunzi la hindi likakupata begani.

Nimekaa na utani huo wiki nyingi sasa na ninajua tulikoutoa. Tuliutoa nje. Nilipokuwa chuo Mbeya, wasichana wa chumbani waliniuliza kama kweli watu wa Sumbawanga husafiri kwa ungo. Nilikupigia simu nikilia, ukanifundisha kujibu: "Ndiyo, na nauli yake ni nafuu." Nikajibu hivyo, wakacheka, nikapata amani. Wewe nawe ulijibu hivyo kwa walimu wenzako waliotoka mikoa mingine. Tukazoea. Tukajifunza kucheka na kitu ambacho nyumbani hakichekwi, kisha tukakileta nyumbani mfukoni na kukitoa mbele ya Bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa miaka yote. Wewe uliyesoma ulijua macho mekundu ya bibi kizee hufikiriwa nini. Ulijua, ukasema.

Na sasa huwezi kusema ulikuwa unatania. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine. Neno moja tu, Deo. "Nilikuwa natania." Ungelisema huku unatafuna muhogo na mambo yangeisha.

Baba mdogo aliita kikao cha ukoo Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa na siku nne. Nikafanya kazi yangu kama nilivyofundishwa, na naomba uisikilize maana hukuwahi kunisikiliza hadi mwisho.

Kwanza nilinakili kila kitu chako kwenye flashi, maana mashine inayotoa sauti usiyoijua huwezi kuiamini hata saa moja. Halafu nikazima sauti ya spika. Ikaendelea kulia, kwa hiyo haikuwa spika. Nikaweka sikio kushoto, mahali ilipo diski. Diski inayokufa hugonga, ka, ka, ka, kwa kipimo, kama mtu anayebisha hodi na haitikiwi. Pale palikuwa kimya. Nikahamia kulia kwenye matundu ya hewa. Ndipo ilipokuwa. Ikiwa ya baridi, kimya. Ikipata moto na feni ikaanza kuzunguka, krrr. Feni ikipunguza mwendo, kimya. Nikaiinamisha upande, ikanyamaza. Nikaiinua, ikaanza upya. Basi nikajua. Mle ndani kulikuwa na kitu kidogo, kigumu, kilicholegea, kinachogongwa na mapanga ya feni. Vumbi haliwezi kufanya vile.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Bibi alikuwa shambani, nyumba tupu. Bisibisi ilikuwa kwenye begi langu. Ningeweza kuifungua palepale, nikatoa kilichomo, nikakitupa jikoni kwenye majivu, na Jumamosi nikawaambia ilikuwa vumbi. Ingenyamaza mbele yao na pengine nao wangenyamaza.

Sikufanya hivyo. Nilitaka waone. Nilitaka kumfungulia Baba mdogo mashine ile mbele ya wazee wake, nimwonyeshe kwa kidole, nimtazame usoni anavyofedheheka. Nilijiambia ni kwa ajili ya Bibi. Nilikuwa nataka kushinda.

Jumamosi walikuja wazee wawili wa ukoo, Baba mdogo, na Shangazi. Bibi alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, amejifunga kitenge kile cha kanisani. Nilianza na habari ya hospitali. Nikawaambia daktari alisema figo, kwamba zilikuwa zimeharibika kwa muda mrefu. Baba mdogo alinisikiliza kwa heshima kabisa, mikono magotini. Kisha akasema, "Figo ni jina la ugonjwa, mwanangu. Aliyeutuma naye ana jina."

Nikasema, basi na tufungue mashine. Nikaigeuza juu ya meza. Nikatoa skrubu moja moja nikizipanga kwenye sahani nyeupe, huku nikieleza kwa sauti ya darasani: hii ni betri, hii ni diski, hapa ndipo sauti inapotoka. Nikatoa feni, nikaipindua juu ya sahani, nikaigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi.

Zikaanguka punje. Ndogo, za rangi ya damu ya mzee. Ulezi.

Deo, nilitabasamu. Niliinua sahani nikaipitisha kwa kila mmoja kama padri na hostia. "Mnaona? Ni ulezi umenasa kwenye feni. Hakuna kinacholia zaidi ya huu." Mzee mmoja alichukua punje akaiuma kwa meno ya mbele kuhakikisha, akatikisa kichwa: ulezi kweli. Kwa muda huo mfupi nilikuwa nimeshinda.

Baba mdogo akapokea sahani. Akaitazama sana.

"Wewe umesoma, vizuri," alisema. "Tunakushukuru. Sasa tusaidie hapo hapo. Ulezi una miguu?"

Sikuelewa.

"Mashine imefungwa kwa skrubu zote hizo ulizotuhesabia. Ulezi uliingiaje? Ulitembea?"

Kabla sijajibu, Shangazi akainamia sahani, akashika mdomo. Alikuwa ameona kitu ambacho mimi na macho yangu ya chuo sikukiona. Punje moja ilikuwa imeota. Kimzizi cheupe, kimekauka, chembamba kama uzi. "Tena umeota," alisema polepole. "Umeota ndani yake. Kampanda. Kampanda mtoto kama shamba. Ulezi unaota, yeye anakauka."

Nikageuka kumtazama Bibi, nikimwomba kwa macho asiseme lolote. Unamjua Bibi. Ukimwomba asiseme ndipo husema.

"Ni mimi," akasema. "Niliuweka kwa mkono huu. Kwani kuna siri? Deo alikuja na mvua, mashine imelowa chapachapa, anatetemeka. Skola akasema kwenye simu, iwekeni kwenye mchele siku mbili. Mchele nitoe wapi mimi? Nyie mlishaona mchele gani nyumba hii? Nikapanda darini nikashusha ulezi wa mbegu, ule ulioiva kwa moshi, mkavu kuliko vyote. Nikamfukia kitoto chake humo. Akalala, mashine ikalala. Siku ya pili akaiwasha, ikawaka. Akanibusu mkono." Halafu akacheka, peke yake. "Sasa kosa langu nini? Niliacha kupanda robo ya shamba kwa ajili ya mashine yake!"

Unaona, kaka? Mimi ndiye niliyesema mchele. Nilisahau ninaongea na nyumba gani. Mchele una punje kubwa, haupiti kwenye matundu ya hewa. Ulezi hupita kama maji. Nilikuuliza kwenye simu, "Mmeiweka?" ukajibu, "Tumeiweka." Mwezi uliofuata ukapiga tena kusema inakoroma, nikakuambia ni vumbi la Muze, ipulizie. Na Krismasi uliposema "tangu Bibi aishike," sikukuuliza Bibi aliishika lini, aliishika kwa sababu gani. Nikasema nitaifungua Pasaka. Pasaka hukufika.

Nilijaribu kuwaeleza pale. Nikawaambia ile punje iliota kwa sababu ilikunywa maji yaliyokuwa ndani, kwamba kuota kwake ndiko kunakothibitisha kuwa Bibi aliiponya mashine. Nilisema vizuri, kwa mpangilio. Kadiri nilivyosema vizuri ndivyo walivyozidi kunitazama kwa huruma, kama msichana aliyelishwa kitu. Mzee aliyeuma punje alikuwa ameitema kwenye kiganja. Akanyanyuka, akavaa kofia, akasema, "Tumesikia." Basi. Wakaondoka.

Hakuna aliyempiga Bibi. Hakuna aliyemfukuza. Nataka kuwa mkweli hata kwa Baba mdogo: amekuwa akimletea mahindi, debe zima, analiweka nje ya mlango. Hodi hapigi. Mama yake huyo.

Na wanawake waliokuwa wakija kuchukua kimea chake cha pombe, wale waliosema hakuna anayeotesha ulezi kama yeye, sasa wananunua mjini. Jumapili padri akisema tupeane amani, benchi la Bibi linageukia upande wa pili. Nilikaa naye siku hiyo. Alinyoosha mkono ukabaki hewani, akaurudisha polepole akajifanya anarekebisha kitenge. Nilimwendea katekista baada ya misa. Akasema tumwombee. Nikamwendea mwenyekiti wa kijiji. Akasema, "Hayo ni mambo ya ukoo, dada," huku ananitoa mlangoni kwa upole.

Nikamleta mjini, kwenye chumba changu cha Katandala. Nilimtandikia kitanda changu mimi nikalala chini. Alikaa siku tisa. Hakulalamika, ila kila asubuhi nilimkuta amevaa viatu, amekaa ukingoni mwa kitanda na kifurushi chake mapajani. Siku ya tisa aliniambia kwa Kifipa, na nalitafsiri hapa vile vile, "Mtu anayekimbia kwake amekiri." Nikampandisha gari nikamrudisha. Tulipofika alikuta mlango umefungwa vile vile alivyouacha, akafurahi. Mimi nilijua ni kwa nini hakuna aliyeugusa.

Nina hasira na wewe. Sijui kuandika barua ya aina hii nikiwa na hasira, lakini siwezi kungoja iishe. Ulinipigia simu mara nne kuhusu feni. Mara nne, Deo, na daktari alinisimamisha kwenye korido akaniuliza, "Hamkuona miguu ilivyovimba? Hakuwaambia?" Hukuniambia. Ulikuwa unavua viatu chini ya meza ya ofisi kwa sababu havikuingii, na kwenye simu unanifanyia mzaha, "Injinia, mgonjwa wako analia tena." Mimi ninauliza, inalia upande gani, kushoto au kulia, ikiwa ya moto au ya baridi. Sikuuliza habari ya miguu yako, na wewe hukusema. Tungeambizana hilo moja, Bibi angekuwa na barua ya daktari ya mwaka mzima mkononi, na Baba mdogo angekuwa ameyazoea maneno "figo za Deo" kabla hujafa. Kwa watu wetu, kifo cha ghafla lazima kiwe na mtu. Wewe ulikifanya cha ghafla. Ulikificha hadi kikawa cha ghafla.

Nimesema. Siifuti.

Mengine kwa ufupi. Nafasi yako Muze wamempa kijana kutoka Kigoma, wanafunzi wako wanasema ni mkali. Nimewatumia maswali uliyokuwa umeandaa, yalikuwa kwenye flashi. Simu yako iko kwa Baba mdogo, hataki kuitoa. Mimi nimepata kazi ya muda kwenye duka la vifaa vya kompyuta, Mazwi. Juzi mama mmoja alileta mashine inakoroma, nikamuuliza kabla hata sijaigusa, "Mliiweka kwenye nini?" Akashangaa nimejuaje. Ilikuwa unga. Nikaenda nyuma ya duka nikakaa juu ya ndoo hadi nilipoweza kurudi.

Sasa la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Jumamosi iliyopita wamekuwekea msalaba. Ni wa saruji, nasikia, na jina lako limeandikwa vizuri. Baba mdogo alimtuma Shangazi asubuhi kuja kusema kwamba Bibi asikanyage pale, ili mambo yaende kwa amani. Shangazi alisema akitazama ukuta. Bibi alikuwa ameshaoga, ameshavaa. Alisikiliza, akasema, "Sawa," akavua kitambaa cha kichwani akakikunja mara nne.

Walinifuata mimi. Nikasema sitoki. Tukakaa sisi wawili ndani, mlango wazi, tukisikia nyimbo zikitoka nyuma ya mahindi. Bibi aliitikia kila wimbo kwa sauti ya chini, ubeti kwa ubeti. Walipofika kwenye maji ya baraka alifanya ishara ya msalaba, akanigusa goti, akaniuliza kama ninadhani jua lingekuchoma pale ulipo au kama mahindi yanakutilia kivuli. Sijui. Sijapaona tangu tulipokuzika.

Kwa hiyo msinitafute, wewe na msalaba wako. Hii ndiyo ahadi ninayokupa, na unajua mimi nikishika neno sifunguki. Kaburini kwako sitakanyaga hadi Bibi atangulie mbele yangu, kwa miguu yake, mchana, njia kubwa ikiwa na watu. Nitakwenda kwa kila aliyekaa kwenye kikao kile, nyumba kwa nyumba, kila nikipanda kijijini. Sitabeba bisibisi. Nitakaa chini, nitakula watakachonipa, nitawaambia ulikuwa mtu wa utani na kwamba utani ule ulikuwa wetu, wangu na wako, nami nabeba nusu yangu. Nitamwanzia Baba mdogo. Nitampigia magoti kama ni magoti anayotaka, magoti ninayo.

Ikichukua mwaka, mwaka. Na Bibi akiondoka kabla hawajamruhusu, nitamchimbia ubavuni mwako kwa mikono yangu, nione nani atanishika jembe.

Kwaheri, Deo. Lala na hasira yangu, ndiyo shuka niliyonayo kwa sasa.

Dadako,
Skola